Moto Usiotii Swichi: Kazi ya Umeme katika Tanuri la Kuni

Utangulizi

Katika majimbo ya baridi ya Marekani, kama vile Maine na Minnesota, nyumba nyingi zina chumba chini ya ardhi. Katika baadhi yazo, humo ndimo linamowekwa tanuri la kuni linalopasha joto nyumba nzima. Majimbo hayo yana wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Kenya na kwingineko. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya umeme katika tanuri hilo, na kwa nini nyaya zake hazifai kuungwa kwa mazoea ya nyumbani.

Umeme na Kuni

Msomaji huenda akauliza: kuni na umeme vina uhusiano gani? Joto hutoka kwenye kuni. Umeme hulisafirisha na kulidhibiti. Feni kubwa husukuma hewa moto kupitia mifereji ya bati hadi vyumba vya juu. Feni hiyo huongozwa na swichi inayohisi joto: hewa iliyo juu ya tanuri ikifikia kiwango kilichowekwa, feni huzunguka, ikipoa, husimama. Swichi nyingine ni ya kikomo: joto likipindukia, huzuia hewa inayouchochea moto. Aidha, transfoma hupunguza umeme wa volti 120 hadi 24 kwa ajili ya thamostati iliyo ukutani sebuleni. Nyumba ikipata joto la kutosha, thamostati hufunga kilango cha hewa, na moto hufifia.

Hata hivyo, moto hufifia tu, hauzimiki. Moto wa gesi hufa mara tu valvu inapofungwa, bali kuni zilizokwisha kushika hazitii swichi. Umeme ukikatika, feni husimama ilhali moto unaendelea, na joto hurundikana ndani ya tanuri. Isitoshe, dhoruba ya theluji inayoangusha nyaya za umeme huja wakati ambapo tanuri limejazwa kuni. Ndiyo sababu kilango cha hewa kinafaa kuwa cha kujifunga chenyewe umeme unapotoweka.

Nyaya na Rangi Zake

Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani inataka tanuri kuu la nyumba liwe na saketi yake pekee. Sababu yake ni wazi: tanuri likishiriki saketi na mashine ya kufulia, hitilafu ya mashine hiyo itaisimamisha feni moto ukiwa umepamba. Nyaya hulindwa zisichubuke na huwekwa mbali na bomba la moshi. Swichi ya kukata umeme nayo huwekwa mahali panapoonekana na kufikika kwa urahisi.

Hapa mwanafunzi wa lugha anakutana na jambo analolijua. Rangi, kama neno, haizaliwi na maana; maana hutokana na makubaliano ya jamii. Katika nyumba zetu nyingi za zamani nchini Kenya, waya mwekundu ndio wenye umeme, na mweusi ni nyutro. Marekani, mweusi ndio wenye umeme, mweupe ni nyutro, na wa kijani au wa shaba tupu ni wa ardhi. Fundi aliyezoea nyaya za Nairobi akiusoma waya mweusi wa Maine kwa sarufi ya kwao, huenda asipate nafasi ya kusahihisha kosa lake. Volti 120 ni nusu ya 240 zetu, lakini zinatosha kuua. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Hitimisho

Kuunga nyaya hizo ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa, na mkaguzi aithibitishe. Hata hivyo, mwenye nyumba hana budi kuielewa, kwani ndiye atakayelala juu ya moto huo. Kabla ya kutia kuni za kwanza, amwulize fundi maswali mawili: Je, tanuri lina saketi yake pekee? Na umeme ukikatika usiku wa manane, ni nini kitakachouzuia moto?