Je, Wajua? Kindi Hung'oa Kiini Kabla ya Kufukia

Ukitembea Central Park, New York, mwezi Oktoba majani yakipukutika, mtazame kindi wa kijivu aliyeshika kokwa ya mwaloni. Kokwa za mwaloni mweupe huanza kuota mara tu zikianguka, na iliyoota haifai tena kuwa akiba ya baridi. Basi kindi huing'ata nchani, akakitoa kiini chenye kuchipua, ndipo aifukie. Za mwaloni mwekundu huzifukia zilivyo, maana hizo hazioti mpaka baridi ipite. Nani kamfundisha?

Tena ni laghai. Akiona wenzake wanamchungulia, huchimba shimo, akajifanya anatia kitu, akasukumia udongo na majani juu, kisha huyo, kaondoka na kokwa yake mdomoni.