Tone chini ya gari, hasara mbele ya mpaka

Canter iliyopakia mitumba Mombasa huweza kufika Nairobi bila dalili yoyote ya ugonjwa. Ikishapita Nakuru na kuanza kupanda kuelekea Timboroa, mshale wa joto nao huanza kupanda. Muda si mrefu gari limesimama kando ya barabara, mvuke unafuka, na dereva ameshika dumu tupu akitafuta maji. Wengi huulaumu mlima. Lakini mara nyingi mlima umefichua tu kilichokuwa kinavuja tangu Mombasa.

Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pale usawa wa bahari. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, nyuzi 91 zinatosha. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95, kwa hiyo kinachozuia maji yasichemke ni presha inayofungiwa ndani na mfuniko wa rejeta. Mfuniko wenye alama ya 0.9 au 1.1 huongeza kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi. Raba yake ikichakaa, au mpira wa rejeta ukipata ufa mwembamba, presha hutoroka na maji huchemka mapema.

Kwa anayevuka mpaka, hitilafu hiyo hugharimu zaidi ya spea. Kibali cha muda cha gari la kigeni kina siku zake. Shehena ya transiti haihamishwi kwenda gari jingine bila idhini ya forodha. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo wengi huitegemea, hushughulikia madhara kwa watu wengine. Injini iliyoungua si kazi yake. Nyanya na ndizi nazo hazisubiri fundi.

Kadibodi ya usiku mmoja

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Jioni, gari likiwa mahali tambarare, tandika kadibodi safi chini ya injini hadi asubuhi. Doa la kahawia au jeusi lenye utelezi ni oili ya injini. Doa la kijani, la waridi au la buluu, lenye harufu ya utamu, ni kulanti. Jekundu lenye mafuta mara nyingi hutoka kwenye geaboksi au usukani. Maji meupe yasiyo na harufu, baada ya kutumia kiyoyozi, si ugonjwa.

Mahali pa doa nako kunasema kitu. Likiwa mbele kabisa, shuku rejeta na mipira yake. Likiwa upande wa belti, shuku pampu ya maji, ambayo ina kitundu kidogo kinachoanza kutoa matone sili yake inapochoka. Likiwa pale injini inapokutana na geaboksi, huenda ni sili ya nyuma ya krenki.

Oili hudanganya kwa sababu huteremka. Inayodondoka kwenye sampu huenda imeanzia juu, kwenye gasketi ya tapeti kava. Fundi makini huosha injini kwanza, huikausha, huendesha kilomita 20 au 30, kisha humulika kwa tochi akitafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Kulanti ikikauka huacha alama za ukoko mweupe au wa rangi yake.

Maji yakipungua bila tone

Kuna gari linalomaliza maji huku kadibodi ikibaki kavu. Hapo fundi hufunga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi, na kujaza hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko. Mshale ukishuka ndani ya dakika 10 au 15, kuna pa kutokea.

Pasipoonekana nje, gasketi ya silinda hedi hushukiwa. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto, mapovu kwenye rejeta, mipira kuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Utando mwepesi chini ya mfuniko wa oili peke yake unaweza kutokana na safari fupi fupi. Lakini kijiti cha oili kikitoka na maziwa, gari lisiende popote: oili yenye maji huharibu beringi za krenki.

Kuziba na kutengeneza

Klipu iliyolegea, mfuniko na mpira wa rejeta ni kazi ya saa moja. Mpira uliopasuka karibu na ncha unaweza kukatwa na kufungwa upya ili gari lifike mjini, kisha ubadilishwe. Unga wa kuzibia rejeta huokoa safari, lakini huziba pia njia nyembamba za maji, hivyo mfumo usafishwe baadaye. Gasketi ya tapeti kava isipakwe silikoni kupita kiasi. Mabaki huangukia kwenye sampu na kuziba chujio la oili. Hedi iliyofunguliwa ipimwe unyoofu kabla ya kurudishwa, kwani hata sehemu ya kumi ya milimita hutosha kuvujisha gasketi mpya.

Njiani, taa nyekundu ya oili ikiwaka, injini izimwe palepale. Joto likipanda, simama, zima, na usifungue mfuniko wa rejeta kabla ya nusu saa au zaidi. Mvuke wake huunguza vibaya. Maji ya baridi yakimwagwa kwenye injini yenye moto yanaweza kupasua hedi. Kulanti ni sumu, kwa hiyo isiwekwe kwenye chupa ya soda mtoto akaidhania kinywaji.

Kwenye gari pawe na lita 5 za maji, kulanti, lita moja ya oili ya aina ileile, mpira wa juu wa rejeta, klipu mbili, belti na tochi. Na kabla ya kuanza kupanda, dereva asimame Nakuru, achungulie chini ya gari na kukagua tanki la akiba la maji. Nakuru kuna mafundi na maduka ya spea. Timboroa kuna baridi na foleni ya malori.