Mungu wa Chuki

Kijana mmoja wa ushirika wetu, hapa Jamhuri, alituletea swali tusiloweza kulijibu papo hapo. Alikuwa akisoma mfululizo mmoja wa riwaya za Brandon Sanderson, mwandishi wa Marekani, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2010. Ndani yake yumo mungu aitwaye Odium, maana yake Chuki. Akauliza, "Je, chuki yaweza kuwa na mungu wake?"

Tukakiazima kitabu, tukakisoma kwa taabu, kwa maana kurasa zake zapita elfu moja. Kisa chasimulia kwamba hapo kale uwezo wa Mungu ulivunjwa vipande 16, na kila kipande kikatwaliwa na mtu. Mmoja alitwaa ghadhabu ya Mungu, lakini ghadhabu tupu, iliyotengwa na pendo na rehema.

Hapo mwandishi amegusa jambo. Mithali sura ya 6 hutaja mambo ambayo Bwana huyachukia, na miongoni mwake imo mikono imwagayo damu ya asiye na hatia, naye apandaye fitina kati ya ndugu. Chuki hiyo yamlinda mtu. Itenge na pendo, nawe una moto usio na mafiga.

Katika kitabu cha mwaka 2017 yumo jemadari, Dalinar, aliyeuteketeza mji mzima, na mkewe akafia humo. Odium hamtishi. Amwambia kwa upole kwamba ndiye aliyemsukuma, basi amwachie yeye hatia yote. Dalinar akataa. Uovu ule ni wake mwenyewe.

Hata Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, jini huwageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani, lakini husuda ilikuwamo mioyoni mwao kabla jini hajawagusa.

Nasi je? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa hapa Jamhuri ulijaa watu waliokimbia makwao, wengi wao kutoka Kibera, jirani tu. Mapema mwaka 2008 akina mama walipikia watoto pale palipozoea kuonyeshwa ng'ombe na matrekta. Nchini kote waliuawa watu zaidi ya 1,100. Mambo yalipotulia tukasema, "Shetani alituingia." Shetani yupo, hatumkani. Lakini panga lilishikwa na mkono wa mtu, na nyumba zilichomwa na watu waliozijua. Wengine hatukushika panga. Tulisikia habari za msiba wa kabila lingine, tukafurahi kimya kimya, kisha Jumapili tukaimba.

Basi tulimjibu kijana kwamba chuki haina mungu, ila ina watu wanaotafuta mungu wa kumtwika. Alinyamaza kidogo, akauliza tena, "Je, wazee wangu, ninyi mmekwisha kuitubu ile ya 2008 mbele ya ushirika?"

Hatujaitubu. Swali hilo tumelipeleka kwenye baraza la wazee, na Jumapili ya Meza ya Bwana tutasimama mbele ya ushirika, sisi tunaosema nanyi tukiwa wa kwanza.