Maji Yachemkayo na Mzizi wa Jino

Mwanafunzi akichemsha maji mjini Njombe na kutumbukiza kipimajoto ndani yake, ataona kwamba hayafiki nyuzi 100 za Sentigredi. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari; kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko ya pwani, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Makambako, ulio chini kidogo, huwapita Njombe kwa nyuzi moja tu au zaidi kidogo. Mpishi wa maharage huijua tofauti hii kwa kungoja. Mganga wa meno naye hana budi kuijua.

Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo hushuka kwa mifereji myembamba hadi nchani mwa mzizi. Jino likitoboka, bakteria huingia, nyama hiyo hufa, na usaha huweza kujikusanya tayani. Tiba ya mzizi ni kuitoa nyama hiyo, kuusafisha mfereji kwa dawa na kuuziba, ili jino liokolewe badala ya kung'olewa.

Mwaka 1965 watafiti wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walieleza jaribio la kutoboa meno ya panya. Panya wa kawaida nyama ya meno yao ilikufa. Wale waliolelewa pasipo vijidudu vyovyote meno yao yalianza kujitibu, ijapokuwa chakula kiliingia tunduni. Ikadhihirika kwamba adui mkuu ni bakteria.

Kwa hiyo kazi ya mganga ni kuwaua waliomo na kuwazuia wengine wasiingie. Mate yamejaa bakteria. Ndiyo sababu jino hutengwa kwa kipande chembamba cha mpira, mbinu iliyoanzishwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864.

Vyombo navyo lazima visiwe na kijidudu hata kimoja. Kuchemsha hakutoshi popote, kwa kuwa baadhi ya bakteria hujifunika gamba gumu na kustahimili hata nyuzi 100, seuze 93. Hutumika mtungi wa mvuke uliofungwa: kanieneo hupanda, na mvuke hufikia nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3. Katika nyanda za juu inafaa kuangalia kipimajoto cha mtungi, kwani saa ya kanieneo huhesabu kuanzia kanieneo ya hewa ya nje, ambayo huko ni ndogo.

Mwisho, jino huzibwa. Mgonjwa atokaye Makambako kwenda kutibiwa Njombe, mwendo wa kilometa 60 hivi, akizibwa kwa muda asiahirishe kurudi. Kizibo kikivunjika, mate hupenya tena, na kazi yote hurudi mwanzo.