Leza Inayopoza: Jinsi Waya Mwembamba Unavyoongoza Atomi

Misafara iliyotoka pwani, ikiisha kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, ilifika Tura, lango la Unyamwezi. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857 akielekea Unyanyembe, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "tua", yaani mpagazi ashushe mzigo.

Atomi nayo ina mzigo, nao ni mwendo wake. Katika joto la kawaida la chumba, atomi ya rubidi hukimbia takriban mita 300 kwa sekunde. Lakini leza, ambayo hospitalini hukata na kuchoma tishu, yawezaje kuituliza? Rangi ya mwanga huteuliwa ili umezwe zaidi na atomi inayoukabili. Kila inapomeza fotoni, atomi husukumwa nyuma kidogo. Kisha huutoa mwanga huo ukiwa na nishati iliyozidi kidogo ile iliyoingia. Baada ya maelfu ya misukumo, mwendo hushuka hadi sentimita chache kwa sekunde. Baridi ndiyo hiyo.

Chombo cha kawaida hakifai kuzihifadhi, maana ukuta wake ungezipasha joto mara moja. Huelea katika ombwe, juu ya kibao chenye waya mwembamba kuliko unywele. Umeme ukipita, uga wa sumaku huuzunguka waya. Ukiongezwa uga wa pili, ulionyooka na kuukata waya kwa pembe mraba, upande mmoja nyuga hizo hufutana, na hapo hubaki mstari wenye usumaku hafifu, sambamba na waya. Atomi zenye mwelekeo ufaao huvutwa huko. Waya ukipinda kidogo, nazo hupinda.

Mtaalamu wa MRI, aliyezoea tesla 1.5, huenda akashangaa: ampea 1, katika umbali wa milimita 0.1, hutoa militesla 2 tu. Kinachoshika atomi ni jinsi uga unavyobadilika ghafla ndani ya nafasi ndogo, wala si ukubwa wake.

Jakob Reichel na wenzake walinasa atomi kwa njia hii mjini Munich mwaka 1999. Mwaka 2018 kibao cha namna hiyo kilipelekwa katika kituo cha kimataifa cha anga.

Hii ni kazi ya upimaji, si tiba. Hata vipimo vya atomi vinavyonasa usumaku wa moyo na ubongo hutumia mvuke wenye joto, si atomi zilizopozwa. Na bangili za sumaku zinazouzwa vituo vya mabasi kama dawa ya viungo hazina uhusiano wowote na elimu hii, hata muuzaji akitaja atomi.