Mchujo wa magongo: Mtayarishe mwanao bila kumuumiza

MUHULA wa kwanza wa masomo kwa miaka mingi umekuwa wakati wa mpira wa magongo katika shule zetu za sekondari. Walimu wa michezo huwaita wanafunzi uwanjani na kuanza kuchuja. Vilabu navyo hutafuta chipukizi wa kuziba mapengo. Mchezo huu una historia ya kujivunia nchini, kwani mnamo 1971 Kenya ilimaliza katika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, lililochezewa Barcelona, Uhispania.

Hata hivyo, wanaocheza kwa wakati mmoja ni 11 pekee, ilhali wanaotaka kucheza ni wengi. Kwa sababu hiyo, kijana aliyetamani nafasi hiyo kwa muda mrefu huwa tayari kuficha maumivu ili jina lake lisomwe. Ninapomuuliza mvulana wa miaka 14 goti limemsumbua tangu lini, aghalabu humtazama mzazi wake kwanza kabla ya kunijibu. Makala haya ni kwa ajili yako wewe mzazi anayetazamwa.

Anza mapema

Mwili hauwezi kutayarishwa kwa siku tatu. Mwanao anahitaji wiki sita hivi kabla ya mchujo, akianza polepole na kuongeza mazoezi kidogo kidogo kila wiki. Mtoto aliyekaa likizo nzima mbele ya televisheni, kisha akakimbizwa saa mbili kwa siku moja, ndiye huletwa kliniki akichechemea.

Magongo si mbio za masafa marefu. Mchezaji hutimka mita 20 au 30, hupunguza mwendo, kisha hutimka tena, mara nyingi akiwa ameinama. Kwa hivyo mazoezi yawe na mbio fupi fupi zenye mapumziko kati yake, pamoja na mazoezi ya kuimarisha mgongo, tumbo na mapaja. Kabla ya kuanza, apashe mwili moto kwa dakika 10 hadi 15.

Apumzike angalau siku moja au mbili kwa juma. Kanuni moja inayotumiwa na madaktari wa michezo ni rahisi kukumbuka: jumla ya saa za mazoezi kwa wiki isizidi umri wa mtoto. Mwenye miaka 13 asizidishe saa 13, hata kama anacheza soka na magongo pamoja.

Maumivu chini ya pia ya goti, mahali penye kinundu cha mfupa, ni ya kawaida kwa vijana wanaorefuka upesi. Mara nyingi hutokana na kukimbia na kuruka kupita kiasi, na dawa yake kuu ni kupunguza mazoezi. Lakini goti likivimba, likikwama au likimwamsha usiku, mpeleke kwa daktari.

Mambo ya kuchunguza kwanza

Kabla ya mchujo, jiulize maswali haya. Je, mwanao amewahi kuzirai au kuhisi maumivu ya kifua akiwa anakimbia? Je, kuna jamaa wa karibu aliyefariki ghafla kabla ya kutimu miaka 50 bila sababu kujulikana? Jibu likiwa ndiyo, asikimbie kwanza hadi moyo wake uchunguzwe.

Mwenye pumu anaweza kucheza vizuri sana mradi ugonjwa wake umedhibitiwa. Asione haya kubeba dawa yake ya kuvuta, na kocha ajue ilipo. Mwenye selimundu, kifafa au kisukari naye aonane na daktari wake mapema ili wapange pamoja, wala asifiche hali yake.

Msichana aliyeanza kupata hedhi na anayechoka upesi kuliko wenzake huenda ana upungufu wa damu. Apimwe, badala ya kuitwa mvivu.

Chakula, maji na usingizi

Huhitaji kununua unga wa bei ghali wa kujenga misuli. Ugali, viazi, wali au chapati humpa nguvu. Maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na omena hujenga mwili. Sukuma wiki ikiliwa pamoja na chungwa, madini ya chuma hufyonzwa vyema zaidi. Chai, kwa upande mwingine, huzuia ufyonzaji huo, kwa hivyo inywewe mbali na mlo.

Siku ya mchujo, ale saa mbili au tatu kabla ya kuingia uwanjani, na kiwe chakula alichokizoea. Anywe maji kidogo kidogo, hususan ikiwa mchujo unafanyika penye joto kali kama vile Mombasa au Kisumu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini havimfai mtoto.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Anayelala saa tano huchelewa kuuona mpira, na huumia kwa urahisi zaidi.

Vifaa si anasa

Mpira wa magongo una uzani wa takriban gramu 160 na ni mgumu kama jiwe. Usimruhusu mwanao kucheza bila kikinga meno na vikinga vya miundi. Kipa lazima avae kofia ngumu na mavazi yake yote ya kujikinga, hata katika mazoezi. Gongo nalo lilingane na kimo chake. Likiwa fupi mno, atainama kupita kiasi na mgongo utauma.

Jino la utu uzima likitoka, lishikwe upande wa kutafunia, si mzizini. Lioshwe kidogo kwa maziwa na kurudishwa mahali pake. Ikishindikana, litiwe ndani ya maziwa na mtoto afikishwe kwa daktari wa meno katika muda wa saa moja.

Kichwa kikigongwa

Hapa sina mjadala na kocha yeyote. Mtoto aliyegongwa kichwani kisha akaduwaa, akaumwa na kichwa, akaona kizunguzungu au akasahau matokeo ya mchezo, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo, hata kama ndiyo siku ya mchujo. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuua. Arejelee masomo kwanza, kisha mazoezi mepesi, na asicheze tena hadi daktari amruhusu.

Akitapika mara kwa mara, akishikwa na kifafa, akilegea mkono au mguu, au akilala na kuwa vigumu kumwamsha, mkimbize hospitalini papo hapo.

Tembe za maumivu

Vijana wengine humeza tembe kabla ya mchezo ili wasihisi maumivu. Hii ni hatari. Maumivu ni onyo, na baadhi ya dawa hizo hudhuru tumbo na figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa na maji. Kifundo cha mguu kikiteguka na mtoto ashindwe kupiga hatua nne, anahitaji picha ya eksirei kabla ya tembe yoyote ya kumrudisha uwanjani.

Matokeo yakitangazwa

Huenda jina la mwanao lisisomwe. Watoto hawakui kwa kasi sawa, na wa miaka 13 aliye mdogo leo anaweza kuwapita wenzake kwa kimo na nguvu akifika 16. Usimlinganishe na mtoto wa jirani, wala usimfokee ukiwa kando ya uwanja. Mpe siku chache za kuhuzunika, kisha mwulize kama angependa kuendelea.

Jambo moja lifanye leo jioni, kabla hata ya kununua gongo. Mwambie waziwazi kwamba akiumia na kukueleza, hutamkasirikia, hata kama kukueleza huko kutamkosesha nafasi katika timu.