Umeme wa Nyuklia: Mambo Ambayo Mkazi Anafaa Kujua Kabla ya Kutoa Maoni

Stima ikipotea Makutano, kinyozi huacha kichwa cha mteja kikiwa nusu, fundi wa kuchomelea huweka kando mlango wa watu, na muuza maziwa huanza kuhesabu saa. Mji huu, ambapo barabara ya Embu na Meru huachana na ile ya Sagana, hauko mbali na mabwawa yanayotoa sehemu kubwa ya umeme wa maji nchini. Kwa hivyo mjadala kuhusu nyuklia unawahusu wakazi wa huku pia, ingawa maeneo yaliyotajwa kwa ujenzi yako Pwani na kando ya Ziwa Victoria.

Kwa nini nyuklia inazungumziwa

Mto Tana una mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kuzalisha umeme lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968, na la mwisho Kiambere, mwaka 1988. Kwa pamoja yana uwezo wa karibu megawati 600. Maji yanayotoka Masinga huzungusha mitambo ya mabwawa yote matano kabla ya kuendelea kuelekea Bahari Hindi.

Udhaifu wake ni mvua. Ukame uliifanya nchi iingie kwenye mgao wa umeme mwaka 2000, wakati ambapo zaidi ya nusu ya umeme ulitoka kwa maji. Tangu wakati huo, mvuke wa ardhini wa Olkaria umechukua nafasi ya kwanza, upepo wa Turkana umeongeza megawati 310, na Kenya hununua umeme kutoka Ethiopia. Lakini matumizi nayo yamepanda. Mwaka 2025, kiwango cha juu cha matumizi nchini kilizidi megawati 2,300. Jua huzama jioni, saa ambayo watu wengi huwasha taa na kupika, na upepo haupangiwi ratiba. Nyuklia hutoa umeme usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaoiunga mkono.

Jinsi inavyofanya kazi

Chembe za urani hupasuliwa ndani ya kinu na kutoa joto jingi. Joto hilo huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo, na mtambo huzalisha umeme. Tofauti na Olkaria ni chanzo cha joto: huko hutoka chini ya ardhi. Kinu huhitaji maji mengi ya kupoza, ndiyo sababu hujengwa kando ya bahari, ziwa au mto mkubwa.

Mpango wa Kenya ulipofikia

Sheria ya Kawi ya 2019 iliunda shirika la NuPEA kusimamia mpango huu. Mwaka huohuo, sheria nyingine iliunda mamlaka ya KNRA, ambayo kazi yake ni kudhibiti usalama wa mionzi, zikiwemo mashine za eksrei katika hospitali zetu. Mtambo uliopendekezwa ni wa megawati 1,000, na lengo lililotangazwa ni uanze kazi mwaka 2034. Eneo la kwanza kutajwa lilikuwa Uyombo, Kaunti ya Kilifi. Wakazi waliandamana mwaka 2024 wakihofia uvuvi, utalii na msitu wa Arabuko Sokoke. Baadaye mazungumzo yalielekezwa Siaya.

Maswali matatu mazito

*Gridi inaweza kuubeba?* Wataalamu hushauri mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi. Megawati 1,000 ni zaidi ya asilimia 40 ya matumizi ya juu ya sasa. Mtambo kama huo ukizima ghafla, nchi nzima inaweza kuingia gizani, kama ilivyokaribia kutokea Agosti 2023 hata bila nyuklia. Suluhisho linalotajwa ni kuimarisha nyaya zinazotuunganisha na Uganda, Tanzania na Ethiopia, au kujenga vinu vidogo vya megawati 300 kushuka chini.

*Nani atalipa?* Bangladesh ilianza kujenga mtambo wa Rooppur mwaka 2017. Vinu viwili vya jumla ya megawati 2,400 viligharimu zaidi ya dola bilioni 12, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka Urusi. Ufilipino ilijenga mtambo wa Bataan katika miaka ya 1970 na 1980. Haukuwahi kuzalisha umeme, lakini deni lake lililipwa hadi mwaka 2007. Kwa upande mwingine, mtambo wa Koeberg nchini Afrika Kusini umekuwa ukitoa umeme tangu 1984. Mkopo wa ujenzi mwishowe hulipwa na mwananchi, kupitia kodi au bei ya tokeni.

*Usalama na taka je?* Ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 ziliwahamisha maelfu ya watu makwao. Ajali za aina hiyo ni nadra, lakini mafuta yaliyokwisha kutumika hubaki hatari kwa maelfu ya miaka. Nchi inayojenga kinu lazima iseme mapema taka hizo zitawekwa wapi na zitalindwa na nani.

Haki ya mkazi

Sera ya kawi ni jukumu la serikali ya kitaifa, lakini Katiba inazipa kaunti pia sehemu katika usambazaji wa umeme na udhibiti wa kawi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza umma kushiriki katika kutunza mazingira.

Kikao cha maoni kinapotangazwa, mkazi anaweza kufika na maswali haya: bei ya umeme itakuwa gani baada ya mkopo kuanza kulipwa? Fedha hizohizo zikiwekwa katika mvuke, jua au kukarabati mabwawa ya Tana, zingeleta megawati ngapi? Na je, nyaya zitafika lini kwa jirani anayeyaona mabwawa hayo kila siku lakini bado anawasha koroboi?